Lenzi ya mtumba au mpya: unanunua kioo au unanunua mota?

Lenzi yangu ya pili niliinunua jioni, chini ya taa ya tyubu, kwa mtu mwenye haraka. Ilikuwa inang'aa. Rangi haikuchubuka popote, namba zilisomeka kama zimechapwa jana, vifuniko vyote viwili vilikuwepo. Nikalipa. Kesho yake asubuhi nikaielekeza dirishani, nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zimetambaa kutoka ukingoni mwa kioo cha ndani kuelekea katikati. Kuvu. Nilipompigia muuzaji simu haikupokelewa, na sikuwa na pa kushika: hatukuandikiana chochote, wala sikuwa nimeomba muda wa kuijaribu.

Usidhani nataka ukimbie mtumba. Lenzi nyingi ninazofanyia kazi leo zilishapita mikononi mwa wengine, na kama ningesubiri uwezo wa kununua kila kitu kikiwa ndani ya boksi, hadi leo ningekuwa na ile lenzi moja iliyokuja na kamera. Kilichobadilika ni swali ninaloanza nalo. Zamani nilijiuliza "mpya au iliyotumika?" Siku hizi najiuliza: ndani ya lenzi hii kuna nini kinachoweza kufa, na kikifa gharama ni ya nani?

Lenzi ya kisasa ni vitu viwili vilivyofungiwa kwenye bomba moja. Kuna vioo na chuma, na kuna umeme. Kioo hakichoki. Lenzi iliyotengenezwa miaka ya 1970, ikitunzwa pakavu, bado inatoa picha nzuri leo. (Wapo wachache wasiofuata utaratibu huu: lenzi za zamani za Pentax, Super-Takumar 50mm f/1.4, zile zenye kioo cha thoriamu, hugeuka njano kama chai kadiri miaka inavyokwenda. Ukiziacha kwenye mwanga wa jua kwa siku kadhaa, unjano hupungua. Ila zifunike upande mmoja, maana lenzi iliyoachwa wazi juani inaweza kuwasha moto mezani kwako.) Umeme ndio wenye umri. Kuna mota ya otofokasi (lenzi kujilenga yenyewe), kuna kituliza mtikisiko, kuna saketi inayozungumza na kamera, na kuna utepe mwembamba wa nyaya, ule ambao mafundi wa simu huuita fleksi, unaojikunja na kujikunjua kila unapozumu. Fleksi hukatika kwa kukunjwa. Mota hulika. Na kiwanda kikishaacha kutengeneza toleo fulani, baada ya miaka kadhaa vipuri vyake navyo huadimika, fundi anabaki kukutazama tu.

Kwa hiyo lenzi isiyozumu, yenye milimita (upana au ukaribu wa picha) zisizobadilika, isiyo na kituliza, naichukua ya mtumba bila kusitasita, maana sehemu kubwa ya pesa yangu inakwenda kwenye kioo. Zumu yenye mota na kituliza naichukua ya mtumba kama tu bei imeshuka kweli. Kipimo changu ni hiki: tofauti ikiwa chini ya robo ya bei ya mpya, nachukua mpya, kwa sababu robo ile ndiyo bei ya waranti na haki ya kurudisha. Ikifika nusu, naanza kuichunguza ya mtumba kwa hamu. Hapo katikati kinachoamua ni nani anauza. Ni kipimo cha mfuko wangu, na wewe utapata chako.

Ila kabla ya hayo yote, hakikisha unaihitaji. Kila faili ya picha huhifadhi ndani yake milimita na apacha iliyotumika (apacha ni tundu la kupitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Fungua picha zako mia mbili za karibuni, zile ulizozipenda, usome. Ukikuta nyingi zimepigwa kwenye milimita 18, yaani umerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, unachokosa ni upana. Ukikuta nyingi ziko ndani ya nyumba, apacha f/5.6 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) imepandishwa mpaka picha inafanya chengachenga, unachokosa ni mwanga. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ikiwa imezumiwa mpaka mwisho kwenye f/5.6. Ndiyo sababu wakongwe humwambia kila anayeanza anunue 50mm f/1.8. Ushauri mzuri, ila wengi husahau kuongeza kwamba kwenye kamera yenye senza (kile kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C, milimita 50 huonekana kama 75, au 80 kwa Canon. Ukiwa chumbani utapata uso na mabega, basi. Kama kazi yako ni watu wakiwa ndani, 35mm itakufaa zaidi. Nikon walitoa AF-S DX 35mm f/1.8G mwaka 2009 kwa ajili ya senza hizo hizo, na kwa kuwa zilinunuliwa kwa wingi, za mtumba hazisumbui kupatikana.

Jambo la pili ni ndoa ya lenzi na kamera, na hapa ndipo wanaoanza huingia mkenge bila hata ya kudanganywa na mtu. Muuzaji atakwambia "inaingia kwenye kamera yako," na ataonyesha ikiingia, tiki! Kuingia si kufanya kazi. DSLR za Nikon, yaani kamera zao zenye kioo cha kuakisi ndani, zinatumia maunti ya F, lile pete la chuma ambapo lenzi hujifunga, iliyoanza 1959. Lakini lenzi zao za AF na AF-D hazina mota ndani. Zinazungushwa na bisibisi ndogo inayotoka kwenye kamera, na kamera za kuanzia kama familia ya D3000 na ya D5000 hazina bisibisi hiyo. Utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta maandishi AF-S, au AF-P kama kamera yako si ya zamani. Na ukikutana na lenzi ya Nikon ya kabla ya 1977 ambayo haikurekebishwa, usiisukume kwenye kamera yoyote kabla hujaulizia, maana inaweza kuvunja kijino kidogo kilichoko pembeni mwa maunti.

Kwa Canon mstari uko kwenye mwaka 1987. Hapo waliacha maunti ya FD wakaanza ya EF, na kila lenzi ya EF ina mota yake. Lenzi za EF-S ni za senza ndogo tu, na hazifungi kwenye DSLR za fulu fremu, zenye senza kubwa. FD kwenye DSLR ni maumivu: ilitengenezwa kukaa milimita 42 kutoka kwenye senza, wakati maunti ya EF yenyewe iko milimita 44. Ukiweka adapta tupu huwezi kufokasi mbali. Ukiweka adapta yenye kioo, kioo chake cha bei rahisi kinaharibu kile kizuri ulichokinunua.

Ila lenzi hiyo hiyo ya FD kwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi, ambayo wengi tunaiita mirolesi, inakaa vizuri kabisa. Maunti ya Sony E iko milimita 18 kutoka kwenye senza, Nikon Z 16, Canon RF 20. Nafasi inabaki tele, na adapta ni bomba tupu lisilo na kioo, kwa hiyo hata ya bei nafuu haiharibu picha, alimradi haichezi. Na tangu Canon na Nikon walipoanza RF na Z mwaka 2018, wapigapicha wengi wamehama na kuuza lenzi zao za EF na F. Kama bado una DSLR, huu ni msimu wako wa mavuno. Kama una mirolesi ya Canon, adapta ya EF kwenda RF inaacha otofokasi ikifanya kazi kama kawaida. Ya Nikon, FTZ, inafanya hivyo kwa lenzi zenye mota yake tu. Zile AF-D zinabaki za mkono.

Lenzi za kampuni nyingine, zisizo za mwenye kamera, ziulizie zaidi. Nyingi ni nzuri na zimeniokolea pesa, lakini za zamani sana zilitengenezwa kwa kuiga lugha ya kamera za wakati ule, na baadhi hugoma zikiwekwa kwenye kamera zilizotoka baadaye. Jaribu kwenye kamera yako mwenyewe. Kamera ya muuzaji haikuhusu.

Sasa ukaguzi. Nenda mchana, na kamera yako, betri iliyojaa, kadi yenye nafasi, na tochi. Tochi ya simu inatosha.

Toa vifuniko vyote, fungua apacha mpaka mwisho, halafu angaza kutoka upande mmoja huku ukichungulia kutoka upande wa pili, ukiinamisha tochi kidogo kidogo. Usiangaze moja kwa moja machoni, hutaona kitu zaidi ya duara jeupe. Kisha geuza, angaza kutoka upande wa pili. Mara ya kwanza utashtuka: vumbi kila mahali! Tulia. Vumbi la ndani halionekani kwenye picha, na hata lenzi mpya ina punje zake. Unatafuta mambo mengine. Nyuzi zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu. Ukungu uliotanda sawasawa kwenye kioo kizima, kama pumzi iliyogoma kukauka, unaiba weusi wa picha, hasa ukipiga kuelekea mwanga. Mapovu au rangi za upinde wa mvua zinazoanzia ukingoni ni gundi ya vioo inaachia, na hiyo mrudishie mwenyewe uage.

Kuvu iliyoanza juzi fundi anaweza kuisafisha isibaki hata alama. Iliyokaa muda hutoa asidi inayokula ile rangi ya kinga juu ya kioo, na hata ikisafishwa kovu linabaki. Kwa macho yako ya kuanza huwezi kutofautisha, kwa hiyo usinunue, labda bei iwe ya kutupa na fundi umeshazungumza naye.

Mkwaruzo mmoja kioo cha mbele? Kamata hapo hapo uombe punguzo, kwa sababu mara nyingi hauonekani kabisa kwenye picha. Wa kioo cha nyuma, kile kilicho karibu na senza, ni habari nyingine. Huo hujitokeza.

Kisha apacha. Kwenye DSLR, mapanga yake (vile vibati vinavyofunga tundu) hukaa wazi na kufunga ghafla unapobofya. Yakilowa mafuta yanayovuja kutoka kwenye grisi ya ndani, hufunga kwa kuchelewa, na picha inatoka imeungua kwa mwanga. Unaweza kuyaona mafuta yenyewe, yanameta kama petroli juu ya maji. Lakini jaribio la uhakika ni picha: elekeza kamera kwenye ukuta, piga f/2.8, f/5.6, f/11 na f/16, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ukiipunguza kasi sawasawa na unavyofunga apacha. Picha zote zinatakiwa kuwa na mwanga uleule. Ile ya f/16 ikiwa nyeupe kuliko wenzake, mapanga yamelowa mafuta. Na ukiona madoadoa meusi kwenye hiyo ya f/16, usimlaumu muuzaji. Ni vumbi kwenye senza yako.

Usiondoke ukutani. Fungua apacha mpaka mwisho, simama ukiuelekea ukuta moja kwa moja, piga, kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera ulinganishe pembe zote nne. Pembe kuwa laini kuliko katikati ni kawaida. Upande mmoja kuwa laini na wa pili mkali si kawaida: kioo fulani ndani kimekaa upande, pengine lenzi ilianguka. Kabla hujatoa hukumu, pindua kamera juu chini upige tena. Ulaini ukihamia upande mwingine wa ukuta, kosa ni la lenzi. Ukibaki pale pale ukutani, ni wewe hukusimama sawa.

Anguko lina alama zake pia. Tazama ukingo wa mbele wenye nyuzi za filta: umebonyea? Filta inaingia kwa kuzunguka bila kukwama? Skrubu za maunti zikiwa na vichwa vilivyochubuka, mtu ameshaifungua. Huenda ni fundi mzuri, huenda ni mwenyewe na bisibisi ya saa. Uliza, na usikilize jibu linakuja kwa kasi gani.

Otofokasi iendeshe kutoka karibu kwenda mbali mara ishirini, na sikio lako liwe karibu. Mlio si tatizo, 50mm za zamani za bei nafuu hulia kama mashine ya kunyolea. Tatizo ni kusitasita, kukwama sehemu ile ile, au mkwaruzo unaobadilika. Kama ina kituliza, kiwashe, weka shata 1/15 ya sekunde, piga picha kumi mkono mtupu, kisha kizime upige kumi nyingine. Kundi la kwanza lisipolizidi la pili, kituliza kimekufa na unauziwa jina lake tu. Zumu izungushe taratibu mwanzo hadi mwisho huku kamera ikiwa imewashwa. Fleksi inayokaribia kukatika huonyesha kosa kwenye milimita fulani tu.

Yote haya yanachukua dakika kumi na tano. Muuzaji asiyeweza kukupa dakika hizo ameshakujibu.

Kuhusu mwenyewe muuzaji, usimuulize lenzi ina miaka mingapi. Muulize imefanya kazi gani. Lenzi ya mpigapicha wa sherehe itakuwa imechubuka, mpira wa kuzumu umelegea, labda mota imechoka, lakini vioo vyake mara nyingi ni safi, kwa sababu kila wiki ilitoka nje ikapata hewa na ikafutwa. Lenzi inayong'aa iliyolala miaka minne kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati ndiyo ninayoiogopa, kama ile yangu ya taa ya tyubu. Wanaoanza huangalia rangi. Mimi siku hizi mchubuko unanipa moyo kidogo, mradi si wa kuanguka. Andikianeni namba ya lenzi na siku mbili tatu za kuijaribu, na namba yenyewe iwe haijafutwa wala kukwaruzwa. Iliyofutwa iache, hata kama ni bure.

Kuna njia ya kati ambayo haitajwi sana: lenzi zilizorudishwa kiwandani zikakarabatiwa, zikauzwa tena zikiwa na waranti fupi. Ukizipata, zipe nafasi mbele ya mtumba wa kawaida.

Na mpya? Mpya nayo ijaribu. Niliwahi kufungua boksi lililofungwa kiwandani nikakuta lenzi laini upande wa kushoto kutoka pembe hadi pembe. Niligundua siku ya tatu kwa jaribio lile lile la ukutani, nikabadilishiwa. Ningesubiri mwezi, muda wa kurudisha ungekuwa umekwisha. Soma pia waranti ni ya wapi: lenzi iliyoletwa kwa njia ya pembeni inaweza kuwa mpya kabisa na waranti yake isitambuliwe mahali unapoishi, na hapo umelipa bei ya mpya ukabeba mzigo wa mtumba. Zipo pia lenzi mpya za mkono, zisizo na umeme wowote, kutoka TTArtisan na 7Artisans. Kwa mirolesi, anayetaka kujifunza fokasi ya mkono na haamini macho yake kukagua kuvu, hizo ni chaguo la haki. Sina la kuongeza.

Usitumie pesa yote kwenye lenzi. Mimi huacha kama sehemu moja ya kumi kwa kofia ya lenzi, kifuniko kilichopotea, na boksi la plastiki lisilopitisha hewa lenye silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo. Unyevu ukikaa kati ya asilimia 40 na 50, kuvu haipati pa kuanzia. Watu huogopa kuweka lenzi yenye kuvu karibu na nzima, lakini mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali. Unyevu na giza ndivyo vinavyoamua zitaota wapi. Mkoba wa ngozi uliokuja na lenzi ya zamani uweke mapambo.

Ile lenzi ya tyubu bado ninayo. Fundi aliisafisha, nyuzi zikatoka, ila kovu lake limebaki kwenye kioo kama ramani ya mto na vijito vyake. Kijana akija kwangu kutaka kujifunza, kamera simpi kwanza. Nampa tochi na lenzi hiyo, nasema tafuta. Wengi huinua mara moja, wakasema iko safi.